Cheche Inayotangulia: Saa ya Tendo na Kadari Kando ya Mto Tana

Swali la lini tendo la binadamu lianze ili matunda yake yafike kwa wakati ni la kale katika dini na falsafa, ingawa mara nyingi hufunikwa na swali jingine lenye kelele zaidi, yaani kama binadamu ana hiari yoyote mbele ya kadari ya Mwenyezi Mungu. Juu ya nani hasa mwenye tendo, wanazuoni wa Kiislamu na wanateolojia wa Kikristo wameandika majuzuu; juu ya saa ya tendo wameandika kwa uchache, na kile walichoandika kimetawanyika katika milango ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, katika mafundisho ya neema na katika vitabu vya maadili. Makala haya yanalishika swali hilo la pili na kulipima kwa kazi ambayo haitajwi sana katika madarasa ya falsafa, nayo ni uwekaji wa taimingi, yaani saa ya cheche kuruka, ya injini ya boti, ile inayofungwa ndani ya chombo na si ile inayoning'inizwa nyuma. Mahali pa kulipimia ni Kulesa, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, karibu na Garsen, katika nchi ya chini ambako makanisa na misikiti imejengwa kwenye kingo za mto mmoja, ambako mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma hutazamia maji yale yale, na ambako tofauti kati ya kuwahi na kuchelewa hupimwa kwa magunia ya mpunga, na wakati mwingine kwa roho za watu.

Ni lazima kazi yenyewe ielezwe kwanza, kwa sababu hoja yote imejengwa juu yake. Injini ya petroli ya aina iliyoenea hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, huuchoma, kisha huutoa moshi. Pistoni, ile sehemu inayopanda na kushuka ndani ya silinda, inapofika juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, husemwa kuwa imefika kileleni, na mtu asiyeijua mashine angekisia kwamba cheche ya plagi inafaa iruke hapo hapo, kwa kuwa ndipo mchanganyiko ulipobanwa kabisa na ndipo pistoni inapojiandaa kusukumwa chini. Fundi hafanyi hivyo. Yeye huitegesha cheche iruke mapema, pistoni ingali inapanda, na sababu yake ni kwamba moto hauchomi vyote kwa mara moja. Mwali huzaliwa kwenye ncha za plagi na kutambaa hadi kwenye kuta za silinda, na safari hiyo fupi huchukua kama milisekunde moja au mbili, milisekunde ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kinachotakiwa ni kwamba nguvu kubwa kabisa ya gesi iikute pistoni ikiwa imekwisha kuvuka kilele kidogo, yapata digrii 15 za mzunguko wa krenkshafti, ambao ni mhimili unaougeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa ifanywe, kwa kuwa bila hesabu hoja itabaki kuwa maneno matupu. Injini inayozunguka mara 600 kwa dakika huisogeza krenkshafti digrii 3.6 katika kila milisekunde, na injini hiyo hiyo ikizunguka mara 3,000 huisogeza digrii 18 katika muda ule ule. Moto nao huongeza kasi kidogo kwa msaada wa msukosuko wa hewa ndani ya silinda, lakini hauwezi kuifukuzia mashine kwa kiasi hicho, na kwa hiyo cheche iliyofaa injini ikiwa imetulia huwa imechelewa mno injini ikiwa mbioni. Ndiyo maana injini nyingi za aina hiyo huachwa na utangulizi wa cheche wa digrii chache tu kabla ya kilele, tano au kumi, zikiwa zinanguruma taratibu, kisha utangulizi huo hupanda hadi karibu na 30 kadiri mwendo unavyozidi. Katika injini za kizamani kazi hiyo ilifanywa na vizito viwili vidogo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi kwa zamu yake, ambavyo hutanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuisogeza saa ya cheche mbele bila nahodha kugusa kitu. Injini ya gari huongezewa kifaa cha pili kinachosikiliza mvuto wa hewa na kuiwahisha cheche zaidi pale gari linapoteleza bila mzigo, ila distributa nyingi za boti hazikupewa kifaa hicho, kwa kuwa boti haina mteremko: rafadha husukuma maji kutoka gatini hadi gatini, na injini yake haijui kupumzika njiani.

Kazi ya kuweka taimingi huanzia kwenye ngama, yaani kule chini kabisa ya chombo yanakokusanyika maji na mafuta yaliyodondoka, ambako mvuke wa petroli hulala kwa kuwa ni mzito kuliko hewa. Fundi mwenye akili huacha ngama ipigwe na upepo kwanza kabla ya kugusa waya wowote, kwani cheche anayoitafuta ndani ya silinda, ikiruka nje yake, humaliza chombo na waliomo. Kisha huifungua plagi ya silinda ya kwanza, huziba tundu lake kwa kidole gumba, na kuizungusha injini polepole kwa mkono mpaka pumzi iliyobanwa ikisukume kidole, jambo linalomwambia kwamba pistoni inapanda katika hatua ya kubana na si katika hatua ya kutoa moshi. Hutafuta alama iliyochongwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linaloutuliza mwendo, akaipaka chokaa ili ionekane, akarudisha plagi, akaunganisha taa ya taimingi ambayo humulika kila cheche inaporuka, na akawasha. Katika mwanga huo unaokatika-katika, alama iliyo kwenye gurudumu linalozunguka kwa kasi huonekana kana kwamba imesimama. Hapo ndipo anapolegeza bolti ya distributa na kuigeuza kwa kiasi kidogo sana, dhidi ya mzunguko wa rota iliyo ndani yake akitaka cheche iwahi, au kuufuata mzunguko huo akitaka ichelewe, mpaka alama ikae kwenye digrii zilizoandikwa na mtengenezaji. Kisha hukaza bolti na kuiongeza injini mwendo ili ahakikishe kwamba vizito navyo vinafanya kazi yao.

Makosa yake yana pande mbili, na pande hizo hazilingani. Cheche ikichelewa, injini huendelea kwenda, ila huwa nzito, hula mafuta, bomba la moshi hupata moto kupita kiasi na vali huungua kidogo kidogo, na mwenye chombo huweza kumaliza msimu mzima asijue kinachomla. Ikiwahi mno, gesi huisukuma pistoni chini wakati krenkshafti ingali inaipeleka juu, injini hugonga kama anayetwanga chuma, na hatimaye pistoni hutoboka. Katika zama za kuwasha kwa mpini wa mkono, cheche iliyowahi ilikuwa ikiurusha mpini kinyume na kumvunja mtu mkono. Kuchelewa ni hasara inayonyamaza na kuwahi mno ni hasara yenye kelele, na huenda ndiyo sababu watu wengi huogopa ya pili na kuizoea ya kwanza.

Mpenda usahihi atasema kwamba majahazi na mashua nyingi zenye mashine kutoka Kipini hadi Lamu hutumia dizeli, ambayo haina plagi wala cheche. Ni kweli, lakini kanuni haibadiliki, kwa kuwa katika dizeli ni mafuta yenyewe yanayotangulia: pampu huyapuliza ndani ya silinda pistoni ikiwa bado haijafika kileleni, kwa kuwa matone yanahitaji muda wa kugeuka mvuke na kushika moto kwa joto la hewa iliyobanwa. Hata pampu ndogo za petroli zinazonyanyua maji ya Tana kuyapeleka kwenye migomba na miembe zina utangulizi wake, uliofungwa moja kwa moja kiwandani, ambapo sumaku ya flaiwili hushikiliwa mahali pake na kipande kidogo cha chuma laini kilichochomekwa kati ya gurudumu na mhimili. Kipande hicho kikikatika, jambo linaloweza kutokea pampu ikigonga kitu na kusimama ghafla, gurudumu huteleza kidogo, na pampu yenye petroli safi na plagi mpya hukataa kuwaka huku mwenyewe akiilaumu kabureta.

Uwezo wa kuichagua saa ya moto haukuja pamoja na injini. Gottlieb Daimler alipoijaribu boti yake ya injini kwenye Mto Neckar, Ujerumani, mwaka 1886, mchanganyiko ulikuwa ukiwashwa na kijibomba kilichopashwa moto na taa kutoka nje, na moto ulishika pale tu msukumo ulipoupeleka mchanganyiko hadi kwenye sehemu yenye joto ya kijibomba hicho. Mwendesha boti hakuwa na njia ya kuiambia injini iwahi au ingoje. Ni baada ya karakana ya Robert Bosch kuirekebisha magneto, yaani mtambo wa sumaku unaozalisha umeme wa cheche, ili ifae injini za kasi mwaka 1897, na baada ya fundi wake Gottlob Honold kuipatia nguvu kubwa ya umeme pamoja na plagi mwaka 1902, ndipo saa ya kuwasha ilipoenea kuwa jambo la uamuzi wa mtu. Kabla ya hapo fundi aliweza kusema kwamba saa ya moto ni ya mashine yenyewe. Baada ya hapo ikawa juu ya fundi, na lawama nayo ikamfuata.

Hapa swali la kadari linaingia lenyewe. Mtu anayeamini kwamba kila kitu kimeandikiwa saa yake anaweza kuuona utangulizi huu kama utovu wa adabu, kana kwamba fundi anajaribu kuipita saa iliyowekwa. Na kweli ipo hulka, kwa Waislamu na kwa Wakristo pia, ya kuhesabu kungoja kuwa ni ucha Mungu na kuwahi kuwa ni wasiwasi. Methali za Kiswahili hazisaidii kuamua, kwa kuwa moja huikosesha haraka baraka na nyingine humwambia anayechelewa kwamba atamkuta mwana si wake, na kila upande hubeba ile inayoufaa. Jambo ambalo mashine hulionyesha wazi kuliko methali ni kwamba fundi hakimbizani na saa yoyote. Saa ya nguvu kufika ni ile ile, digrii chache baada ya kilele, naye haibadilishi hata chembe; anachofanya ni kuutii ucheleweshaji ulioumbwa ndani ya moto wenyewe. Anayeiweka cheche kileleni kwa kudai kwamba hapo ndipo saa yake ilipo hajaiheshimu saa iliyowekwa. Ameukana moto jinsi ulivyoumbwa.

Katika Uislamu hoja ya namna hii hukutana mara moja na Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alichukua mfano wa moto na pamba na kukataa kwamba moto huiunguza pamba kwa nguvu yake wenyewe. Kuungua, kwa maoni yake, huumbwa na Mungu wakati vitu hivyo viwili vinapokutana, na sisi huona mazoea tu tukayaita sababu. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayeziondoa sababu huiondoa na akili, kwa kuwa akili si kitu zaidi ya kuvijua vitu kwa sababu zake. Mzozo huo kwa kawaida hufundishwa kana kwamba sababu na tokeo hukutana katika nukta moja, pamba ikiguswa na moto ukishika. Silinda ya injini inauongezea kitu: kati ya cheche na nguvu upo muda, muda huo unapimika, na aliye upande wa Ghazali na aliye upande wa Ibn Rushd wote wawili watageuza distributa kwa kiasi kile kile. Kama ni desturi ya Mungu isiyovunjika au ni maumbile ya moto, desturi hiyo ina kipimo, na kipimo hicho ndicho kinachomdai mtu atangulie. Ghazali mwenyewe hakuliona hili kuwa kinyume cha imani. Katika mlango wa tauhidi na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, wa kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alizipanga sababu kwa daraja, zile za yakini, zile za dhana yenye nguvu na zile za kuwazia tu, na akamhesabu asiyenyoosha mkono kwenye chakula kwa kungoja Mungu amshibishe kuwa ni mtu asiye na akili, wala si mwenye kutawakali.

Lakini utajiri hasa wa suala hili umo katika fikihi, na inashangaza kwamba wanafalsafa hawajauchimba. Madhehebu ya Shafi, ambayo Ibn Battuta aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakiyafuata alipopita mwaka 1331 na ambayo yangali yameenea pwani hadi leo, yameshughulika kwa kina na swali la kama ibada inaweza kutangulizwa kabla ya saa yake. Jibu lake si moja. Swala iliyoswaliwa kabla ya wakati wake kuingia haisihi, isipokuwa pale inaporuhusiwa kukusanywa na swala iliyo kabla yake, kama kwa msafiri, kwa kuwa kuingia kwa wakati ndiko kunakoiwajibisha. Kabla ya hapo hakuna deni, na asiyedaiwa hawezi kulipa. Zaka ya mali ni tofauti. Zaka huwajibika kwa mambo mawili, kumiliki nisabu, yaani kiwango cha mali kilichowekwa, na kutimia kwa hauli, yaani mwaka mmoja tangu kukimiliki kiwango hicho. Na wanazuoni hao husema kwamba mwenye nisabu anaweza kuitoa zaka kabla ya mwaka kutimia, ila asiye na nisabu hawezi, hata akitarajia kuipata kesho. Zakatul-fitri nayo ina mambo mawili, Ramadhani na kumalizika kwake, na kwa hiyo huruhusiwa kutolewa tangu siku ya kwanza ya mwezi lakini si katika Shaabani, mwezi ulio kabla yake. Kanuni inayojitokeza ni kwamba wajibu uliosimama juu ya sababu mbili unaweza kutangulizwa baada ya sababu ya kwanza kuwepo, na haiwezekani kuutanguliza kabla ya zote mbili. Wanazuoni wa Maliki wamekuwa wazito zaidi katika hili, jambo linaloonyesha kwamba mjadala ulikuwa wa kweli.

Kanuni hiyo inaieleza silinda vizuri kuliko vitabu vingi vya ufundi. Nguvu ya injini nayo husimama juu ya mambo mawili, mchanganyiko uliobanwa na pistoni kuvuka kilele. Cheche inaruhusiwa kutangulia jambo la pili kwa sababu jambo la kwanza limekwisha kuanza kuwepo, na inakatazwa kutangulia kiasi cha kuruka wakati mchanganyiko haujabanwa vya kutosha, kwa kuwa hapo mwali huwa hauna cha kushika vizuri na nguvu yake huirudisha pistoni nyuma. Mipaka ya kuwahi haitokani na ujasiri wa mtu wala na woga wake. Inatokana na kile ambacho tayari kimekwisha kuwepo. Tofauti kati ya kutangulia na kukurupuka, ambayo watu hujaribu kuieleza kwa kusifu subira au kusifu wepesi, inapatikana hapa kwa swali moja linalojibika: je, sababu ya kwanza imeshakuwepo?

Upande wa Kikristo hauko mbali. Wamethodisti, ambao misheni yao ilifika Golbanti, chini kidogo kwenye mto huo huo, katika miaka ya 1880, na ambao mwaka 1886 waliwapoteza mmisionari John Houghton na mkewe katika shambulio la Wamaasai, walikuja na fundisho la John Wesley kuhusu neema inayotangulia, yaani kwamba Mungu huanza kufanya kazi moyoni mwa mtu kabla mtu hajamwelekea, na kwamba ule mwelekeo wenyewe unawezekana kwa sababu hiyo. Fundisho hilo lilikusudiwa kuwajibu wale walioona kwamba wokovu huamuliwa bila mtu kuwa na sehemu yoyote, na vilevile wale walioona kwamba mtu huanza mwenyewe kwa nguvu zake. Kwa wasomaji wengi limebaki kuwa neno la mahubiri. Likitazamwa kwa jicho la suala hili linadai jambo zito, kwamba hata tendo la Mungu linauheshimu muda unaohitajiwa na moyo wa binadamu ili ushike, na kwamba kutangulia kwa mwenye kupenda hakumnyimi mpendwa uhuru wake bali humpa nafasi ya kuutumia. Mwislamu hatalikubali kwa maneno hayo, na hapaswi kulazimishwa, lakini majirani wawili wa Kulesa wakiketi pamoja wangetambua kwamba wote wawili hawakufundishwa kungoja kwa mikono mitupu.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika fikra za jadi wakati una pande mbili, Zamani iliyo ndefu na Sasa iliyo pana, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo, isipokuwa yale ambayo mzunguko wa maumbile huyafanya kuwa ya hakika. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Waakan, na wengine wakafuata. Ushahidi wa Tana haujatumika vya kutosha. Mvua ya Garsen ni haba. Mafuriko yanayolisha mashamba ya tambarare hutoka kwenye mvua za Mlima Kenya na Aberdare, mamia ya kilomita juu, na mkulima wa Kipokomo amekuwa kwa vizazi vingi akiupanda mpunga kabla ya maji kufika, ili miche iwe na kimo cha kutosha kuyahimili yakija. Mbiti angeweza kujibu kwamba huo ndio mzunguko wa maumbile aliouacha nje ya kanuni yake, na angekuwa sahihi, isipokuwa kwamba jambo lililoachwa nje limeimeza kanuni. Mkulima huyo haungoji wakati ujao kama mgeni atakayebisha hodi. Wakati huo upo tayari, katika maji yanayoteremka na ambayo hajayaona, na yeye anatenda kwa kuupima umbali wake.

Kipimo hicho kimevurugwa. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, mabwawa ya umeme ya juu ya mto yameyashika maji na kuyaachia kwa saa nyingine, hivi kwamba mafuriko madogo yaliyozoeleka yamepungua na yale makubwa, yanapokuja mabwawa yakiwa yamejaa, huja kwa kishindo, kama ilivyokuwa katika El Niño ya 1997 hadi 1998, na tena mwaka 2018 na mwishoni mwa 2023. Mkulima wa Kulesa hajapungukiwa na akili ya kutangulia. Ucheleweshaji aliokuwa akiupima uliwekwa zamani na Mungu na milima. Sasa umewekwa pia na uamuzi wa watu walio ofisini, na uamuzi huo haumfikii kila mara kabla ya maji. Kwa upande wa maadili hili ni badiliko kubwa, kwa sababu wajibu wa kutangulia humfuata anayejua muda. Maji yanayomwagika Masinga huchukua siku kadhaa kufika Garsen, na siku hizo ni mali ya aliye chini, si ya aliye juu. Anayezishika bila kuzitangaza amempokonya jirani yake utangulizi wake, hata kama hakumwaga tone moja la ziada.

Hali ni hiyo hiyo kwa malka, zile njia ambazo mifugo ya Waorma huzipita kati ya mashamba kwenda kunywa mtoni wakati wa kiangazi. Kila mtu wa Tana anajua kwamba kiangazi kitakuja na ng'ombe watashuka, na mapigano yaliyoua zaidi ya watu mia katika eneo la delta ya Tana kuanzia Agosti 2012 hadi mapema mwaka uliofuata hayakuzuka kwa sababu yeyote alishtukizwa na kiu ya ng'ombe. Mapatano ya malka yanayofanywa wakati mifugo imekwisha kufika ukingoni ni cheche iliyowekwa kileleni.

Linabaki tatizo moja ambalo fundi hakabiliani nalo, nalo ndilo gumu kuliko yote. Fundi akiiwahisha cheche, pistoni hufika tu. Haijapata kutokea pistoni ikaghairi njiani. Mto huweza kughairi. Tahadhari hutolewa Garsen, watu wa mabondeni huhamisha watoto na kuku na mbegu hadi mahali pa juu, mpunga ambao ulikuwa haujakomaa huvunwa mbichi au huachwa kwa ndege, kisha maji hujitawanya huko juu na hayaji. Safari inayofuata, nusu ya watu hawahami. Wanazuoni wa Shafi walilitazama tatizo hili katika zaka iliyotangulizwa, wakauliza itakuwaje kama mali ya mtoaji itashuka chini ya nisabu kabla ya mwaka kutimia, au kama fukara aliyepewa atatajirika kabla ya hapo kwa njia nyingine; wakasema kwamba kilichotolewa hakihesabiki tena kuwa zaka, na kwamba mtoaji anaweza kukidai kirudi iwapo, wakati wa kutoa, alisema wazi kwamba anatanguliza. Kama alinyamaza, amepoteza.

Sharti hilo la kusema wazi linastahili kusomwa na wanaotoa tahadhari za mafuriko. Tahadhari inayotangazwa kana kwamba maji yako mlangoni, ilhali ni makisio ya siku nne mbele, humfunga mtoaji kwenye ahadi ambayo mto haukuitoa. Tahadhari inayosema kwamba hii inatangulizwa, kwamba sababu ya kwanza imekuwepo kwa kuwa Masinga imejaa, na kwamba ya pili haijatimia na huenda isitimie, humwachia mkulima hukumu yake na humbakishia mtoaji heshima yake hata maji yasipokuja. Nani amlipe aliyevuna mpunga mbichi kwa tahadhari ya kweli ambayo haikutimia, hilo fikihi ya zaka haikulijibu, kwa kuwa yenyewe ilishughulika na fedha inayoweza kurudishwa, na mpunga uliokatwa ukiwa mbichi haurudi shambani.